Cheo cha Mgeni Wangu wa Tatu

Watu wengine hukusanya stempu. Mimi nakusanya saini za marais waliopinduliwa. Aliyeko madarakani ana walinzi na haraka. Aliyepinduliwa ana muda, na atakuuliza hata habari za wajukuu.

Wawili wa kwanza niliwapata nilipokuwa nafanya kazi mapokezi, katika hoteli moja hapa Mwanza, walipokuja kwenye mazungumzo ya usuluhishi. Nilinunua kitabu cha wageni pale Mkuyuni, kile chenye safu za jina, cheo, sababu ya kufika na saini. Mmoja alijaza "Rais Mstaafu", ingawa alistaafishwa na vifaru.

Wa tatu aliletwa na Mungu mwenyewe. Alipanga nyumba iliyopakana na yangu, huku Kirumba. Sisi watu wa Bukoba hatumwachi mgeni ajipikie siku ya kwanza, kwa hiyo nilimpelekea bakuli la ndizi na samaki sato. Nikamwomba saini papo hapo. Subira sina.

"Shikamoo, mama," alisema, maana ni mdogo kwangu. "Mara ya mwisho kusaini nilikuwa nimeelekezewa bunduki. Tangu hapo kalamu sishiki."

Nikanywea, lakini sikukata tamaa. Bakuli likaendelea kwenda, na halikurudi tupu hata mara moja: mapapai, karanga, siku moja maandazi aliyokaanga mwenyewe, magumu kama mawe ya Mwanza. Niliyala yote kwa chai. Saini, hakuna.

Juzi akaja kuaga, bakuli mkononi, limejaa mapera. Anahamia nchi nyingine. Nilijua nikimkosa leo nimemkosa moja kwa moja, nikamfungulia kitabu mezani. Akachukua kalamu, akaandika jina. Kwenye cheo akasita.

Hapo nikajilaani. Nimemtonesha mtu kidonda kwa ajili ya uroho wangu wa saini.

"Hapo paruke tu, baba," nikamwambia.

"Hapana, mama. Cheo ninacho."

Akaandika taratibu: Jirani. Kwenye sababu ya kufika akaandika: Kurudisha bakuli. Nikacheka huku machozi yananitoka. Kwenye saini akaushika mkono wenye kalamu kwa ule mwingine, akasaini.