Apdeti Iliyokataa na Ngoma Yangu

Mimi ndiye fundi wa kompyuta ofisini kwetu Kakuma, na tangu juzi natembea nikitazama chini.

Kompyuta kubwa ilikuwa imekataa apdeti wiki nzima. Inaanza vizuri, inakaribia kumaliza, halafu inarudi ilikotoka. Bila hiyo apdeti, ripoti haiendi Lodwar. Nikatangaza mbele ya wote kwamba diski imejaa, tena imejazwa na watu wanaoweka sinema zao humu. Nikamkazia macho Deng, mkalimani wetu kutoka Sudan Kusini, mpaka akainama.

"Weka kwa ukuta, wote tuone," akasema bosi, Mzee Ekal, ambaye pia ni mjomba wa mchumba wangu.

Nikawasha projekta, nikatafuta faili kubwa kuliko zote.

"Fungua hiyo," Deng akasema.

Nikaifungua kwa madaha.

Ukutani nikatokea mimi, peke yangu ofisini saa ya chakula, bila shati, nikijifundisha kuruka edonga mbele ya kamera ya kompyuta. Nilikuwa nimejirekodi nione ninapokosea, nikasahau kufuta. Na edonga, ngoma ya kuruka ya kwa kina mchumba wangu, ndiyo niliyowaapia wakwe kwamba nimeicheza tangu utotoni.

Deng alicheka mpaka akashika meza. Mzee Ekal hakucheka. Alitazama mpaka mwisho, kisha akainama akavua viatu, akasogeza viti pembeni.

"Apdeti ingoje," akasema. "Harusi ni Jumamosi, na wewe unaruka hivyo?"