Nyani Walipokuja Kwenye Tathmini

Tathmini ya programu ya ushirikiano kati ya serikali na wananchi wa kandokando ya msitu tuliianzia pale ushirikiano ulipostawi zaidi: hotelini Bukavu, juu ya ziwa, mbele ya kuku na ndizi za kukaanga. Huko tulikubaliana kwamba makazi ya wanyama yanalindwa vizuri. Kilichobaki ni kupanda milimani hadi Kalehe, kandokando ya msitu, kuwauliza wananchi kama nao wanakubaliana nasi.

Mimi nilichukuliwa kama mtathmini asiye na upande. Sikuwa nao kweli, ila mahojiano ya kwanza yalipangwa mbele ya nyumba ya mama yangu mdogo. Mkubwa wa misheni yetu ya tathmini, bwana mpole mwenye viatu vipya vya porini, hakujua. Mama mdogo aliponiona nikishuka garini alininyooshea mkono kama mtu asiyewahi kuniosha miguu.

"Karibu, monsieur. Safari ilikuwa muzuri?"

"Muzuri, maman," nikajibu, nikijikaza nisicheke.

Mkubwa akaniagiza nimuulize faida alizopata. Mama mdogo akatuonyesha mizinga ya nyuki aliyopewa ili ausahau msitu. Nyuki hawakuwahi kuja. Kuku, ambao hawakualikwa kwenye semina yoyote, walikuwa wakitaga humo.

"Kipato mbadala," akasema mkubwa, akaridhika.

Tukafika kwenye swali la kama wanyama wameongezeka, na wanyama wenyewe wakaja kujibu. Kundi la nyani lilishuka kutoka msituni, wakubwa kwa wadogo, likaingia kwenye mahindi yaliyokaribia kukomaa. Wageni wote walisimama haraka. Wakatoa simu, wakapiga picha. Mama mdogo akaokota jiwe.

"Hapana, maman, waache!" mkubwa akanong'ona kwa furaha. "Huu ndio ushahidi wetu."

"Ile ushahidi iko nakula mahindi yangu!" Kisha akanigeukia. "Na weye, mutoto ya dada yangu, uko naangalia tu?"

Mkubwa akashusha simu, akanitazama. Niliokota jiwe nikakimbia shambani pamoja na mama mdogo, tukirusha na kupiga kelele, nikateleza kwenye tope mbele ya misheni nzima. Nyani waliondoka polepole, kila mmoja na hindi lake, kama wajumbe wanaotoka semina na mifuko ya zawadi.

Njiani kurudi mkubwa alichukua daftari langu la mahojiano. Ripoti ilitoka bila mimi, na picha ya nyani ndani ya mahindi kwenye jalada. Shamba la mama mdogo liliitwa makazi ya asili yanayofufuka. Programu ikaongezewa muda, kwa kuwa imefaulu.

Msimu ule nilimpelekea gunia la unga kutoka soko la Kadutu, Bukavu. Nilikuwa na aibu, ingawa si mimi niliyekula mahindi yake. Aliusonga ule unga ukawa fufu, akaniwekea sombe ya majani ya muhogo nyingi kuliko yake.

"Bale bageni bakirudia," akasema akikusanya sahani, "ubaambie bakuje na imbwa ya kufukuza ile ushahidi."