Asilimia Nne kwa Kila Chupa

Nilipaswa kukataa pale pale mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuuza dengelua, pombe yetu ya miwa, aliposema lebo moja itatosha kwa chupa zote. Sikukataa. Nilikuwa katibu, mwenye kidato cha nne na mwandiko mzuri, na ni mimi niliyeandika: "Dengelua halisi ya Vudee, kilevi asilimia nne."

Hiyo nne haikuwa uongo mtupu. Sampuli tuliyopeleka Same ipimwe ilikuwa pombe ya miwa ya siku moja, changa, tamu kama juisi. Ofisa aliyetupa cheti hakuuliza kama zitakazofuata zitafanana na ile, nasi hatukumsumbua kwa ukweli. Baada ya hapo tulijaza chupa pombe ya siku moja, ya siku tatu, hata iliyosahaulika wiki nzima na matunda ya mwegea, yale ya kuichachusha, ndani yake. Zote tulizibandika asilimia nne. Tukajiita wazalishaji wa kisasa.

Zamani mama aliyetupikia pombe hiyo alikuwa anaonja kwanza, kisha anawaambia wanywaji kama ya leo ni kali au ni ya kushushia chakula. Mdogo wangu, dereva wa bodaboda, hakugusa kibuyu bila kumuuliza. Akiambiwa kali, anaondoka zake.

Lebo zilipofika, yule mama alinijia.

"Msomi, ya juzi na ya leo hazilingani. Hiyo karatasi yako imeonja lini?"

Nilimjibu kwamba vipimo havimhusu mtu asiyejua kusoma. Wenzangu walicheka, nami nikajiona mkubwa. Tukamkataza kuonja mbele ya wateja, eti ni uchafu.

Siku moja ya gulio, mchana, mdogo wangu aliingia dukani kwetu kabla ya kushuka Ndungu. Nilikuwa kaunta. Akaisoma chupa.

"Nne tu, kaka? Hii si ya wanakwaya?"

Nilijua ni ile ya wiki nzima. Nikamwambia imepimwa Same. Akanywa mbili, akawasha pikipiki. Kona ya tatu ikamshinda. Bahati hakuwa na abiria.

Hospitalini walimkata mguu wa kulia. Kikundi kilichapisha lebo mpya, zenye rangi zaidi na namba ile ile, na mwenyekiti akaenda kumpa pole akiwa na chupa mbili mkononi. Mimi nilipokwenda, mdogo wangu alikataa kuniona. Anaishi ng'ambo ya mfereji wa shamba langu, na miaka yote hii hatujasalimiana. Nilikuwa na ndugu mmoja tu, na nilimpoteza kwa kukubali kuandika namba ya pombe ambayo hatukuipima.