Waridi la Bi Mwenyekiti

Mwenyekiti wa Chama cha Waridi cha mji wa Lunenburg havui glavu hata anapokunywa chai, na hupita katika bustani za wenzake akigeuza majani kutafuta madoa meusi, kama mama mkwe anayekagua masufuria. Sauti yake ni ya chini, ya kanisani. "Ukungu haumwonei ajuaye kulima," husema, na wanachama huitikia kwa vichwa. Kila vuli huwahimiza kurundika udongo hadi juu ya kiungo, pale waridi la kale lilipoungwa na mzizi wa waridi-mwitu, baridi isiliue. Vichaka vyake mwenyewe huvifunika kwa maneno.

Julai hii Verna Zwicker alimwendea kuomba kijiti cha waridi jeupe ambalo marehemu mama yake alimzawadia mwenyekiti. Alitaka kulipanda kaburini kwa mama, na halikubaki kwingine. Alikuta kichaka kimejaa maua mekundu. Waridi la mama lilikuwa limekufa kwa baridi, na mzizi-mwitu umechipua mahali pake.

"Bi Mwenyekiti, la mama lilikuwa jeupe."

"Limekolea rangi kwa baridi, mwanangu. Na mama yako, Mungu amrehemu, macho yalikuwa yamemchoka."

Tayari alikuwa amekata kijiti chekundu na kukiviringisha kwenye gazeti lililoloweshwa maji.

Verna hakukipokea. "Kaa nacho, bibi. Ungeniambia limekufa, ningekusamehe. Lakini umemfanya mama yangu kipofu ili wewe usiitwe mzembe."