Kichwa Changu Kilipovuka Mpaka

Zulfo Kadrović alianza kukata kondoo manyoya akiwa na miaka kumi na miwili, na kwa maneno yake mwenyewe hakuwahi kumtoa kondoo damu ila mmoja, na huyo alijitakia. Alikuwa mfupi, kifua kipana, sikio la kushoto limeliwa na baridi ya mwaka arobaini na saba. Alizungumza na kondoo kama anavyozungumza mtu na bi harusi anayeogopa: taratibu, bibie, taratibu, sasa hivi tunamaliza. Na watu alikuwa akizungumza hovyo tu.

Alikata kondoo wa kila nyumba, ng'ambo zote mbili za kijito cha Brezovac. Majina ya watu aliyasahau, lakini kondoo wao hakuwasahau. "Wewe si ni yule wa dume jeusi lenye pembe moja?" alikuwa akiwauliza watu msibani. Mara moja tu aliondoka, mwaka sitini na nane, akaenda Ujerumani kufanya kazi kwenye kiwanda cha magari. Alirudi baada ya siku arobaini. Mkewe Hasnija alipomuuliza kulikoni, akajibu kwamba kule unaweza kupanda ngazi nzima ya nyumba ya ghorofa sita na asikuamkie hata mtu mmoja.

Huyo ndiye kum wangu. Alifariki akiwa na miaka themanini na moja, nami nililibeba jeneza lake pamoja na wajukuu zake, na hakuna aliyeniuliza Mserbia anatafuta nini kwenye mazishi ya Waislamu.

Kwetu mtoto hakatwi nywele mpaka aje kum. Kum ni mtu wa nje ya ukoo, na wazee walipenda awe wa dini nyingine kabisa, ili nyumba mbili zifungwe pamoja zisiweze tena kugombana. Anakata vishungi vitatu, basi, keshakuwa ndugu yenu, na ndugu huyo hakataliwi. Shemeji unaweza kumkana, mkwe unaweza kumfukuza, lakini kum akibisha hodi unafungua hata kama suruali yako pekee iko kwenye kamba inakauka. Baba yake Zulfo alimkata nywele babu yangu. Zulfo akamkata baba yangu, Milisav. Mimi, Relja, nilizaliwa kiangazi cha mwaka tisini na moja, na nywele zangu zilipangiwa tarehe sita Mei mwaka uliofuata, siku ya Mtakatifu Georgi, ambayo sisi na Waislamu tuliisherehekea pamoja, maana ndiyo siku ya kuanza kukata kondoo.

Nchi nayo ikachagua majira hayo hayo kugawanyika. Na waliokuwa wanagawa hawakututazama vizuri, nadhani walikuwa na haraka. Kijito kikawa mpaka. Zulfo, Mwislamu, akajikuta amebaki Serbia. Sisi Waserbia tukajikuta Bosnia. Kila mtu alikuwa ng'ambo isiyo yake, na kila ng'ambo watu wakawa wanaulizana majina kwa sauti mpya, maana jina lilitaja dini.

Tarehe sita Mei, Zulfo alikuja kwenye daraja la mbao na mkasi wake wa kondoo, mkate wa Hasnija na mwanakondoo kifuani. Juu ya daraja alimkuta baba yangu amevaa magwanda, kashika bunduki aliyopewa wiki iliyopita. Nyuma yake walikuwepo watu watano wenye ndevu, wageni, hakuna aliyejua wametokea wapi.

Baba akamfokea. Kijiji kizima kilisikia. "Rudi ulikotoka na kondoo wako kabla sijakupasua kichwa!" Na mengine ambayo siyaandiki. Zulfo akasimama kidogo, akageuka, akaenda zake. Mwanakondoo akamponyoka, akakimbilia kwetu. Bibi yangu, Stamena, akamfuga, akamwita Mgeni, na ole wake mtu aliyemtajia kisu.

Siku ile bibi alifanya mambo mawili. Aliapa kwamba mkasi hautagusa kichwa changu mpaka aje kum. Na akaacha kusema na mwanawe. Si kwa siku mbili tatu, la. Kwa miaka sita. Tuliishi nyumba moja, tukala meza moja, na mimi nikawa posta yao.

"Relja, mwambie baba yako apitishe chumvi."

"Relja, mwambie bibi yako chumvi iko mbele ya pua yake."

"Mwambie baba yako pua yangu haijawahi kumfukuza kum."

Vita vikaisha, daraja likabaki limefungwa. Polisi wa kwetu na polisi wa kule wakachora mstari mweupe katikati yake, wakabishana wiki nzima juu ya ubao mmoja. Aliyetaka kuvuka ilibidi azunguke kilomita sitini hadi kituo rasmi, na awe na hati. Zulfo alikataa katakata kuomba hati. "Nimekwenda nyumba ile kwa kandambili tangu nizaliwe," alisema. Lakini sababu hasa kila mtu aliijua. Kum aliyerudishwa haji tena mpaka mwenye nyumba aende mwenyewe kumwita, kichwa wazi, na mkate mkononi.

Kila tarehe sita Mei alikuja upande wake, akakaa juu ya jiwe na mkasi magotini, akavuta sigara mpaka mchana, akarudi nyumbani. Dirisha letu linatazama daraja. Na kila tarehe sita Mei baba yangu alikuwa na kazi ya haraka sana nyuma ya zizi.

Nywele zangu wakati huo zilifika kiunoni. Mama alizisuka mikia miwili. Watoto wenzangu waliniita Bi Relja, nami nilikuwa nawapiga mmoja mmoja, na wao wakanipiga wote kwa pamoja.

Aprili ya mwaka tisini na nane akaja mwalimu kuandikisha watoto wa darasa la kwanza.

"Na binti huyu mzuri anaitwa nani?"

"Relja," akasema bibi.

"Relja si jina la kiume?"

"Na mwenyewe ni wa kiume. Avue suruali uone?"

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema kwa upole kwamba ifikapo Septemba nywele hizo ziwe zimekatwa, kwa sababu ya chawa. Alipoondoka, baba akachukua mkasi wa jikoni. Bibi akavuta kigoda, akakaa katikati yetu, akakunja mikono.

"Relja, mwambie baba yako aanzie na shingo yangu."

"Relja, mwambie bibi yako huu ni wazimu!"

Nilikuwa nimechoka na kazi ya posta. Nikasema, "Baba, kwani ukimwita yule mzee wa kwenye jiwe, atakuuma?"

Baba akarudisha mkasi kwenye droo.

Tarehe sita Mei baba alinyoa ndevu asubuhi na mapema, akajikata mara mbili. Mama alikuwa ameoka mkate wa mviringo. Bibi hakuuliza neno, ila alijitanda mtandio wa sikukuu na kumfunga Mgeni kamba. Tukashuka wote. Mwanzo wa daraja baba alivua kofia yake, akaitia mfukoni.

"Unakwenda wapi na mkate?" polisi wa upande wetu akauliza.

"Kumwita kum."

Polisi akatazama kofia mfukoni, akatazama mikia yangu miwili, akajisogeza pembeni. Naye kwao ana kum.

Baba akaenda mpaka kwenye mstari. "Kum Zulfo!" akaita. "Nimekuja kukualika. Uje unikatie mtoto nywele!"

Yule mzee hakusogea jiweni. "Ni nani huyo? Macho yangu hayaoni mbali."

"Milisav wa Stamena."

"Milisav yupi? Yule aliyetaka kunipasua kichwa?"

"Ndiye."

"Ahaa. Nilidhani umekufa. Miaka sita naona dirisha tu."

Akazima sigara, akainuka kwa kuguna, akaja. Polisi wa upande wake akamnyooshea mkono. "Mzee, hiyo uliyobeba ni silaha."

"Silaha kabisa. Muulize kondoo yeyote."

"Na huwezi kuvuka. Huna hati. Mtoto naye hana."

Zulfo akautazama mstari, akanitazama mimi, kisha akamgeukia polisi. "Mwanangu, sheria yenu inasema mtu asivuke. Je, kichwa?"

Polisi wawili wakatazamana. Yule wa kwetu akainua mabega. Yule wa kule akageuka kutazama samaki mtoni, na samaki mle hamna tangu enzi za babu yangu.

Basi nikasimama Bosnia, vidole vya miguu kwenye rangi nyeupe, nikainamia Serbia. Mkasi ulinuka mafuta ya kondoo. Akakata vishungi vitatu, juu ya paji, kulia, kushoto, akavifunga kwenye leso yake. Kisha akauondoa mkia mmoja, krap, na wa pili, krap. "Taratibu, bibie," akaninong'oneza, "sasa hivi tunamaliza." Nilijisikia mwepesi kama nimetua mzigo wa kuni. Mama akaanza kulia, polisi wa kwetu akala kipande cha mkate bila kukaribishwa.

Baba alikuwa bado amesimama pale pale. Zulfo akafuta mkasi kwenye suruali yake.

"Wale wenye ndevu," akasema, bila utani sasa. "Siku ile ile walimchukua Fehim, Mwislamu mwenzangu, kutoka kwenye kinu chake, upande wenu. Hajaonekana mpaka leo. Ungenikaribisha vizuri, ningevuka. Nimeyawaza hayo miaka sita, Milisav. Nikasema, kijana huyu alinitukana ili nisivuke."

Pale baba alikuwa amepewa njia ya kutokea, pana, mbele ya mama yake na mbele ya watu wote. Angeitikia tu kwa kichwa.

"Sijui, kum," akasema. "Naapa sijui. Nimejiuliza kila siku. Labda nilitaka kukuokoa. Labda niliogopa tu wasinione nakumbatiana nawe."

Zulfo akaikunja leso yenye vishungi vyangu, akaifungua tena. Maji yakasikika chini ya mbao.

"Mimi niligeuka nikaenda mbio," akasema mwishowe. "Na Fehim nilikuwa namsikia akipiga kelele. Inama."

"Nini?"

"Inama, nimesema. Ninachokiona hapo ni kichwa nilichokikata mimi mwenyewe mwaka sitini, na naona kimeota vibaya."

Baba akapiga magoti kwenye mbao, akapitisha kichwa juu ya mstari, na Zulfo akamkata vishungi vitatu, polepole, kama vile hajawahi kumkata. Vile vishungi vilikuwa na mvi. Akavitia kwenye leso pamoja na vyangu. Kisha akamwona Mgeni nyuma yetu, sufu imekatwakatwa hovyo, akapaza sauti, "Na huyu nani kamharibu hivi? Kuku?"

"Mimi!" akajibu bibi, ambaye alikuwa amemkata mwenyewe miaka yote hiyo. "Mwenye kazi alikuwa amekaa jiweni!"

Zulfo akacheka mpaka lile sikio bovu likawa jekundu. Baba alibaki kapiga magoti, kichwa wazi, upepo wa kijito unampuliza, hajui kama ainuke. Bibi akanipita mimi, posta yake ya miaka sita, akaenda mpaka alipo, akaichomoa kofia mfukoni mwake.

"Milisav," akasema, "vaa hii, mwanangu. Utapata mafua."