Moshi wa Fundi Matone

Mtaani wanamwita Fundi Matone, kwa sababu hamimini oili kama watu wengine, huihesabu. Ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Tunaishi ua mmoja, mlango wake unatazamana na wangu. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini kumbukumbu yangu haina kutu, na kuna neno moja nililomficha shemeji kwa miaka ishirini na mbili.

Alianza kwa kutengeneza misumeno ya magogo na pampu za maji. Mume wangu alipojifunza kurusha ndege za kunyunyizia dawa mashambani, wakanunua kindege kikuukuu chenye injini ndogo, ya jamii ileile ya misumeno. Injini hiyo haina oili yake ndani. Oili huchanganywa kwenye petroli, na ikikosekana, pistoni hujikaanga mpaka inashikana na silinda. Mume wangu akawa anarusha, shemeji anatunza. Alikuwa akizifungua plagi na kuzipanga juu ya meza yangu ya kulia, azitazame rangi kama daktari anavyotazama ulimi. Zikiwa za rangi ya kahawa, anapiga mluzi. Zikiwa nyeupe, dalili kwamba injini inaungua, hali wala halali.

"Shemeji," alikuwa akinitania, "mumeo ameoa ndege. Wewe sasa ni mke mkubwa, kaa kwa heshima yako."

"Basi mwambie huyo mke mwenzangu aje afue," namjibu. Banda lao lilikuwa nyuma ya ua, na ule moshi wa buluu ulitua kwenye shuka zangu kila asubuhi.

Dumu la mafuta yaliyochanganywa lilifungwa kitambaa chekundu shingoni, lisije likachukuliwa lile la petroli tupu. Ila shemeji alifunga kitambaa kwanza, ndipo akamimina oili, maana akishamimina vidole vinateleza na fundo halikazi. Miaka sita hakuna aliyeona ubaya wa jambo hilo, hata mimi ninayejisifu kuona kila kitu.

Asubuhi ile alikuwa ameshafunga kitambaa, chupa ya oili iko mkononi. Nilisimama mlangoni nikamwita chai. Akaiweka chupa chini, akaja. Tulicheka sana mezani, sote watatu. Aliporudi bandani alikiona kitambaa, akalitikisa dumu, akalimimina lote kwenye tangi.

Nilikuwa naanika nguo wakati ndege ilipopaa. Haikutoa moshi. Nikaziona shuka zangu zimebaki nyeupe, nikashukuru Mungu.

Injini ilinyamaza juu ya miti. Mume wangu waliniletea wamemfunika turubai.

Shemeji aliifungua injini peke yake, mlango wa banda ameufunga. Alichokiona hakumwambia mtu. Mimi nami sikuulizwa, nikanyamaza.

Baadaye aliinyoosha ile ndege, akaitia pistoni mpya na silinda mpya. Haijaruka tena. Kila Jumamosi alasiri huchanganya mafuta, anahesabu kwa sauti, anaiwasha na kuiacha ingurume robo saa. Macho yake yameingia ukungu, kwa hiyo huniita.

"Shemeji, moshi unauona?"

"Upo."

"Rangi gani?"

"Buluu."

Ndipo anazima. Kimya kinachofuata sikipendi. Mara nyingi nimejikuta nimeinua uso kutazama juu ya miti, na yeye pia ameinua.

Mwaka huu, Jumamosi moja, alikuja mkulima mmoja kutaka kuinunua. "Haiuzwi," shemeji alimwambia. "Mwenyewe bado hajashuka." Mkulima alicheka akidhani ni mzaha. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akaaga.

Jumamosi hiyohiyo, injini ilipozimwa, shemeji hakuondoka. Alikuwa anafuta kwa kitambaa mikono ambayo haikuwa na haja ya kufutwa.

"Shemeji, siku ile, uliuona moshi?"

Ningesema ndiyo, angezeeka akijiuliza. Ningesema hapana, ingenibidi niseme na lililobaki, nami nilikuwa nimeazimia kufa nalo.

"Haukuwepo," nikasema.

"Hilo nalijua. Pistoni ilikuwa imekwaruzika pande zote, kavu. Na chupa niliikuta jioni imejaa mpaka shingoni. Ninachotafuta ni kwa nini. Mimi sisahau oili, shemeji. Nimeirudia asubuhi ile mpaka nimechoka, kuna mahali pana tundu."

"Nilikuita chai," nikamwambia. "Kitambaa ulikuwa umeshafunga. Chupa ulikuwa umeishika. Nilikuona."

Aliketi juu ya dumu. Nilingoja anitukane, na ningepokea. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saizi ya spana, "Ulisemaje?"

"Lini?"

"Uliponiita. Maneno yenyewe."

Nikamwambia.

Tangu hapo habari ya moshi haniulizi tena. Anaiwasha injini, anaizima, anakuja kusimama mlangoni pangu huku mikono inanuka petroli. Haketi. Chai nikimimina, haigusi. Analitafuta lile tundu: anataka nimwite kama nilivyomwita siku ile, kwa maneno yaleyale, nikiwa nimesimama palepale. Mwanzo nilikataa, nikamwambia mimi si redio. Akabaki amesimama mpaka jua likatua.

Basi namwita. "Wee Matone, acha hayo, chai inapoa."

Huinamisha kichwa upande, kama anavyosikiliza injini yenye kasoro. Akishasikia anatikisa kichwa, ananiambia nirudie, polepole zaidi.