Sitti na goli la baba yake lililokwama kwenye diski

Umeme umerudi mjini Arua, Uganda, asubuhi hii na Sitti Kiden anauwahi. Saluni ya jirani ikishawasha mashine ya kukaushia nywele, taa za jengo zima hufifia, na kazi anayotaka kuifanya leo haivumilii umeme wa kusuasua. Anaipangusa diski kwa kitambaa cha miwani, kutoka katikati kwenda pembeni. Kisha anageuka na kumwangalia mzee aliyeketi kwenye benchi kama mtu anayelinda mzigo wake stendi.

"Baba mdogo, naiweka sasa."

"Weka," mzee anajibu. "Lakini jua mimi iko hapa."

Mzee huyo ni Angelo, muuza vipuri vya baiskeli wa Vurra, karibu na mpaka wa Kongo. Diski ni yake. Alipokubali mwishowe kuiazimisha, alisema diski yake haitembei peke yake, akafunga duka, akavaa koti la kanisani, akaja nayo Arua mfukoni. Tangu afike hajaiondolea macho, na chai aliyoletewa imepoa.

Ndani ya diski hiyo kuna kitu ambacho Sitti amekitafuta kwa miaka: sauti ya baba yake ikitangaza goli.

Sitti, mama wa watoto wawili, ana chumba kidogo cha biashara karibu na soko. Riziki yake hutoka kwa wateja wanaotaka nyimbo na filamu kwenye simu, shilingi elfu mbili au tatu kila mmoja, na kwa kubadilisha vioo vya simu vilivyopasuka. Siku nzuri karo inasogea. Siku mbaya anafunga mapema na kwenda kupika.

Lakini nyuma ya pazia ndiko iliko kazi anayoipenda, ambayo haimwingizii kitu. Ananakili diski za zamani za gemu, zile za plestesheni zilizojaza vijana kwenye vibanda vya West Nile, kama mkoa huu unavyoitwa, kabla kila mmoja hajawa na simu yake. Nakala hizo haziuzi. Wapo wanaomwita mwizi wa gemu, naye ameacha kujieleza.

"Kopi ya kawaida kila mutu anajua," anasema. "Unaweka diski, unabonyeza, basi. Mimi nataka ile yenyewe. Kama diski iko na kosa, kopi pia iwe na kosa hiyo hiyo. Mimi si fundi ya kurembesha."

Ndiyo maana hapendi mashine mpya. Zile, anaeleza, zikikuta mahali pabovu kwenye sauti hubahatisha, zinajaza pengo kwa kitu kinachofanana, na mwenye diski hajui kwamba amedanganywa. Mashine yake ni kuukuu, aliitoa kwenye kompyuta iliyotupwa jalalani, na sifa yake kubwa ni ukweli: ikishindwa kusoma, inasema imeshindwa.

Kila diski huisoma zaidi ya mara moja. Mwishoni kompyuta hupiga hesabu ya kila kilichomo na kutoa mstari wa herufi na tarakimu, ambao Sitti huuita alama ya kidole ya diski. Herufi moja ikitofautiana kati ya usomaji huu na ule, anaanza upya. Yeye anasema hanuni. Watoto wake wanasema ananuna sana.

Alikulia Koboko, mji ulio kaskazini mwa Arua, na karibu tuseme alikulia ndani ya kibanda cha gemu. Baba yake, Mzee Sule, mtoto wa askari aliyezaliwa na kulelewa kambini, alikiendesha pamoja na rafiki yake Angelo. Mmoja Mwislamu, mwingine Mkatoliki, kwa hiyo Ijumaa mchana funguo zilikuwa kwa Angelo na Jumapili asubuhi zilikuwa kwa Sule. Kibanda hakikufungwa hata siku moja.

Sule alikuwa pia mtangazaji wa mji. Mechi za uwanjani, harusi, mbuzi aliyepotea, vyote vilipitia kwenye spika yake ya mkono. Watu wa Midia, nje ya mji, huapa kwamba walikuwa wakimsikia wakiwa shambani. Huenda wametia chumvi, lakini si nyingi.

Siku moja alipita fundi kijana aitwaye Enoch, akielekea Juba na kompyuta yake. Alijua kuifungua gemu ya mpira na kubadilisha vilivyomo. Akaondoa sauti ya mtangazaji wa Kizungu ili amweke Sule. Walitundika mablanketi ukutani kuzuia ngurumo za malori yanayokwenda Oraba, mpakani na Sudan Kusini, na Sule akatangaza kwa Kiswahili chake cha kambini. Timu ziliitwa Sokoni na Stendi, wachezaji wakapewa majina ya watu wa mtaani. Kipa wa Stendi aliitwa Angelo.

Enoch aliinakili gemu hiyo kwenye diski mbili, moja kwa kila mwenye kibanda, akaendelea na safari. Kompyuta yake, Sitti alikuja kuambiwa, iliungua zamani. Hakuna diski ya tatu.

Hapa inabidi tuutaje msumari. Zama hizo diski ziliazimwa kutoka kibanda hadi kibanda, na diski ya kuazimwa haikuwa na haraka ya kurudi kwao. Basi kila mwenye kibanda alichukua msumari akachonga alama yake juu ya diski, upande wa picha. Upande unaong'aa waliushika kama yai, na ulipochafuka waliusugua kwa dawa ya meno. Huu wa juu, walisema, hauchezi.

Kumbe kilichoandikwa kwenye diski kimekaa chini tu ya ile picha, na upande unaong'aa ni plastiki nene ya kukilinda.

"Ni kama kioo ya kujitazama," Sitti anasema. "Ukikwaruza nyuma, mbele unaweza kupangusa mpaka jioni. Wazee wetu walilinda mlango, wakabomoa ukuta."

Sule alichonga herufi S yenye mkia mrefu uliofika pembeni. Angelo alichonga msalaba mdogo karibu na tundu la katikati. Wote wawili waliamini wameweka mali yao salama.

Baadaye biashara ilipungua, Angelo akahamia Vurra na jenereta lao. Sule alisema hakuagwa. Angelo alisema aliaga, ila mwenzake alikuwa amenuna. Salamu zikakatika, na ukiwauliza leo kila mmoja anasema alikuwa akimngoja mwenzake aanze.

Halafu Sule akaota uvimbe kooni. Madaktari waliokoa maisha yake, lakini sauti haikurudi. Mtu aliyeamsha Koboko nzima sasa hunong'ona, na ukitaka kumwelewa lazima uinamishe sikio.

"Watoto wangu wanajua babu ya kunong'ona tu," Sitti anasema. "Ukiwaambia babu alisikika mpaka Midia, wanacheka. Hiyo inaniuma sana."

Alianza na diski ya baba yake. Gemu ilifunguka vizuri na Sule akasikika akiwakaribisha watazamaji. Mpira ulitembea hadi langoni, mshambuliaji akapiga, picha ikaganda, kimya. Mkia wa S ulikuwa umepita hapo hapo. Sitti aliisoma diski hiyo tena na tena, na kila mara mashine yake ya ukweli ilimwambia imeshindwa. Anasema alicheka kwanza, maana baba yake alikuwa ameikata sauti yake kwa msumari wake mwenyewe. Halafu akalia.

Ikabaki diski ya Vurra. Angelo alimkatalia. Diski yake ilikuwa safi kuliko ya Sule, alisema, na kitu kisafi hakiguswi. Sitti hakubishana. Aliweka kompyuta juu ya kaunta, kati ya minyororo na breki za baiskeli, akamchezea kile alichokipata. Sauti ya Sule ikajaa dukani ikimkejeli kipa wa Stendi: "Angelo, mikono yako iko na mafuta?" Mshambuliaji akapiga, halafu kimya kile kile.

Wateja waliokuwepo wanasema mzee alisimama akiitazama kompyuta, kisha akafungua kinywa akalimalizia goli lile mwenyewe, neno kwa neno, kwa sauti iliyosikika barabarani. Alikuwa amelihifadhi kichwani muda wote huo. Ndipo alipomvuta Sitti pembeni na kumwambia ukweli: diski yake haikuwa imefunguka tangu alipohamia Vurra.

"Niliona haya," anatuambia sasa. "Nilijisifu kwa watu, yangu iko safi. Kumbe iko maiti. Lakini kutupa, nilishindwa."

Diski husomwa kutoka katikati kwenda pembeni: msalaba wake ulikuwa umeua mahali gemu inapoanzia, lakini pembeni haukugusa. Diski ya Sule ilianza vizuri na kufia golini. Sitti aliona hapo kwamba wazee wale wawili walikuwa wamegawana gemu moja bila kujua.

Tunarudi kwenye chumba cha Arua, ambako mashine inanguruma. Penye msalaba inashindwa, kama ilivyotarajiwa. Inasonga mbele. Inapokaribia mahali ambapo kwa Sule kulikuwa na mkia wa S, Sitti anashika ukingo wa meza. Mashine inapita. Anaisoma upya kuhakikisha, na kila kilichosomeka kinalingana. Kisha anaunganisha: palipoharibiwa na Angelo anachukua kwa Sule, palipoharibiwa na Sule anachukua kwa Angelo. Hakuna alichobuni, hata chembe.

Angelo anataka kulisikia goli hapo hapo. Sitti anamwomba radhi na kumwambia kwamba baba yake ndiye atakayelisikia kwanza, nyumbani Koboko. Mzee anainuka. Anayakung'uta mabega ya koti lake, anasema basi twende.

Sule yuko uani tunapofika. Anamwona Angelo akishuka kwenye gari na anaanza kuvitafuta viatu vyake, ingawa amevivaa. Angelo anamfikia, anampa mkono, anasema jina lake tu. Sule ananong'ona kitu. Angelo hajui bado kwamba inabidi ainame, kwa hiyo anaomba arudiwe, na mara ya pili anainama. Hatukusikia walichoambiana, wala haikutuhusu.

Ndani, Sitti anawasha runinga. Sule wa zamani anawakaribisha watazamaji. Anamkejeli kipa. Mshambuliaji anapiga, na safari hii picha haigandi.

"Goli! Amka, Koboko! Wewe nalala, Sokoni imeshaingia ndani ya nyumba! Mama, funika sufuria, goli iko jikoni!"

Watoto wa Sitti wanaitazama runinga, kisha wanamtazama babu yao. Hawacheki. Mzee Sule ameziba mdomo kwa kiganja na machozi yanampita vidoleni. Sitti naye analia waziwazi, na mwandishi wenu naye hakuwa na macho makavu ya kumcheka.

Kisha mzee anamwita binti yake. Anataka lile neno la mafuta litolewe, maana mwenyewe Angelo ameketi hapo na ni aibu. Sitti anapiga goti mbele yake, kama binti wa Koboko anavyozungumza na baba.

"Baba, nisamehe. Nikitoa hiyo, hii si ile tena. Leo natoa hiyo, kesho mwingine natoa goli."

Chumba kinakuwa kizito. Anayekiokoa ni Angelo.

"Wacha ikae, Sule. Siku ile nilikuwa nakula chapati. Mikono kweli ilikuwa na mafuta."

Sasa Sitti anataka kuwafuata wenye vibanda wa zamani, kuanzia Vurra mpaka Oraba, kabla diski zao hazijatupwa. Anawaomba wasitupe hata zilizokufa, maana amejionea mbovu mbili zikitoa nzima moja. Alama, anasema, waandike kwenye bahasha.

Na siku ya Idd ijayo anataka kuweka runinga kubwa pale kilipokuwa kibanda, mji mzima uone Sokoni na Stendi. Angelo ameshaahidi kuja na jenereta, lile lile. Anamuuliza Sule kama yuko tayari kwa kazi siku hiyo. Sule anamvuta karibu, Angelo anainama bila kuambiwa, anasikiliza, anacheka mpaka anashika mbavu. Sitti anataka kujua baba yake amesema nini.

"Anasema yeye atacheza tu," Angelo anajibu. "Kutangaza alishamaliza."